Kiganja cha Faustina

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu ya pili ya Machi, Lusekelo alipanda ngazi katika kiwanda kimoja cha chai huko Mufindi, akaanza kutoboa bati la kikaushio ili apachike kipimajoto. Alikuwa fundi wa mitambo kutoka Mbeya, na kazi aliyopewa ilikuwa kuufanya moto wa kiwanda ujiongoze wenyewe. Chini ya ngazi alisimama Faustina, ambaye kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyeuongoza. Alikuwa akiweka kiganja cha kulia juu ya bati, anatulia kidogo, kisha anawaambia wachochea kuni, "Mbili," au "Acheni." Chai ya hapo haikuwahi kuungua.

"Kamwene, fundi," alimsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mama."

Vitabu vya mtambo vilitaja nyuzi za joto, lakini havikusema lolote kuhusu majani yaliyochumwa kwenye ukungu. Kwa hiyo kwa siku kumi na moja Lusekelo alimfuata Faustina na daftari. "Sasa hivi unasikiaje, mama?" Faustina alijibu, Lusekelo akasoma kipimajoto, akaandika.

"Na mimi nitafanya nini hilo dude likianza?" Faustina aliuliza siku ya nne.

"Litakusaidia tu, mama. Usijali."

Ukurasa wa pili wa mkataba alioutia saini Mbeya ulisema nafasi ya mpima moto itafutwa. Lusekelo alikuwa ameusoma mara mbili.

Siku ya kuwasha, skrini ilionyesha vistari vitupu. Alibadilisha nyaya, akabadilisha kipimajoto, vistari vikabaki vilevile. Meneja, Bwana Obeid, alitazama saa yake. Faustina aliona huruma. Akasogea, akaweka kiganja kwenye kichwa cha kipimajoto kilichotokeza nje ya bati, kama mtu anayemgusa mtoto mwenye homa. Skrini ikaandika 104. Alipoondoa mkono, namba ilibaki. Kiganja chake sasa kilikuwa laini kama kisosi, bila mstari hata mmoja.

"Limechukua," alisema.

"Namba ni sahihi?" meneja akauliza.

Lusekelo alipima kwa kifaa kingine. Ilikuwa sahihi. Bwana Obeid akatia saini kuupokea mtambo.

Tangu hapo mtambo ulifanya kazi vizuri. Ulifungua na kufunga hewa wenyewe, na ukungu ukishuka skrini iliacha namba ikaandika MBILI, neno ambalo Lusekelo hakuwahi kuliingiza. Wachochea kuni waliitikia, "Sawa, mama," wakatupia mbili. Ijumaa Faustina alipewa barua, kitenge, na kilo moja ya chai ya vumbi. Akahamia Kihesa, Iringa mjini, kwa binti yake Eveline.

Mwezi wa saba Lusekelo alipita Iringa, akaenda kumsalimu. Alimkuta uani akigeuza mkaa wa jiko kwa vidole. Havikuungua. Mlangoni alikaa mjukuu wake Tekla, wa miaka miwili, miguu imefungwa bendeji hadi magotini.

"Nilitia mkono kwenye beseni nikaona maji ni vuguvugu," Faustina alisema. "Sasa mama yake hataki nimguse."

Eveline, aliyekuwa anafua kando ya ukuta, hakuinua kichwa.

Lusekelo alikaa kwenye kigoda. Uso ulimwaka mpaka masikioni. "Mama, mimi nilijua. Kuhusu kazi yako."

"Nilijua kwamba unajua. Ulikuwa unaniuliza huku unaangalia bati."

Faustina hakupandisha sauti. "Kazi siidai. Mkono tu, nirudishiwe jioni, saa ya kumwogesha mtoto. Akishaoga wauchukue."

Lusekelo alimpigia meneja, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Ule mkono umeshaingia kwenye orodha ya vifaa," alisema Bwana Obeid, "na mkaguzi ameupitisha. Hauwezi kutoka hivihivi. Halafu fundi, usisahau kikaushio cha pili. Nakutegemea mwezi wa nane."

Simu ikakatwa. Ndani ya simu hiyohiyo Lusekelo alikuwa na programu aliyoitengeneza mwenyewe, yenye kitufe chekundu cha kuuzima mtambo akiwa popote. Akaifungua. Namba ilikuwa 103. Faustina akainama kuangalia.

"Unaweza kulizima kutokea hapa?"

Lusekelo aliufikiria mwezi wa nane. "Siwezi, mama. Mpaka niwe kiwandani."

Faustina akaitikia kwa kichwa.

Eveline alimaliza kufua, akajaribu maji kwa kiwiko, akaanza kumpangusa Tekla palepale mlangoni. Lusekelo akasimama kuaga. Faustina alimpa mkono wa kulia, nao ulikuwa baridi kama bomba la maji alfajiri. Akamwambia amsalimie mama yake Mbeya. Lusekelo akaachia, akaokota begi lake, akatoka.

Getini aligeuka. Faustina alikuwa bado amenyoosha mkono, vidole vimekunjwa, akiutikisa taratibu huku macho yake yakiwa kwa mtoto, kwa kuwa hakuna kilichomwambia kwamba ameachiwa. Lusekelo hakurudi kumwambia.