Kikombe cha Gil-su

Nyigu walipofumuka kaburini, wanaume watatu wa ukoo wa Ban, ami mmoja na binamu wawili wa mbali, waliteremka mlima kwa mbio ambazo hata ujanani hawakuwahi kuzitimua. Juu akabaki Deok-im peke yake, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mashine ya kukatia nyasi ikining'inia begani. Akaizima, akajifunga kitambaa usoni, akapuliza dawa katika shimo lao mpaka mvumo ukafa. Kisha akaiwasha tena, akamaliza kulinyoa kaburi la baba yake.

Wanaume walirudi wakihema. Baba Mdogo Man-sik alikuwa na sikio lililovimba kama andazi.

"Kaka yako Gil-su angalikuwa hai," alisema, "usingalihangaika hivi."

Haya! Ndiyo yale yale. Gil-su alizama bwawani akiwa na miaka kumi na tisa, na tangu siku hiyo nyumba yao ilihamia katika maisha ambayo hayakuwahi kuwapo. Gil-su angalijenga. Gil-su angalioa. Hata hospitalini, Deok-im akimlisha baba yake uji kijiko kwa kijiko, mzee aliugeukia ukuta akanong'ona, "Gil-su angalikuwapo, ningalikufa na mtu kando yangu." Deok-im alimfuta uji kidevuni. Kauli ile ilimkaa kooni miaka tisa kama mwiba wa samaki.

"Angalikuwa hai," alijibu sasa, "angalikuwa Seoul kama wanao, Baba Mdogo, na leo angalikutumia salamu kwa simu."

Binamu mmoja akaangua kicheko, kisha akakimeza alipoliona jicho la mzee.

"Mdomo huo! Ndiyo maana ndoa ilikushinda."

"Haikunishinda. Aliyeondoka ni yeye."

Walitandika mkeka, wakapanga mapeasi, samaki mkavu na birika la pombe ya mchele. Kila mwaka ilikuwa hivyo hivyo: kikombe cha kwanza cha kumtambikia marehemu ni haki ya mwana wa kiume, basi Man-sik hukimimina kwa jina la Gil-su, na Deok-im husimama nyuma akilinda viatu vyao.

Mzee akalielekea kaburi, akakohoa. "Kaka, mwanao Gil-su angalikuwa hai, leo angali—"

Deok-im akalinyakua birika.

"Gil-su hayupo! Nilimpenda, nilimlilia mpaka sauti ikanikauka, lakini hayupo. Mimi nipo. Nilikuwapo bwawani walipomtoa, nilikuwapo hospitalini, na leo nipo hapa, mkono wote umetobolewa na nyigu mliowakimbia. Nitamimina mimi."

"Desturi haimjui binti."

"Basi leo itamjua."

Hakuna aliyethubutu kulishika birika. Deok-im alipiga magoti, akakijaza kikombe mpaka ukingoni kwa mkono uliovimba.

"Baba, ni mimi, Deok-im," alisema. "Ulikufa na mtu kando yako."

Akainama mpaka paji la uso likagusa nyasi alizozikata mwenyewe. Alingoja atukanwe. Badala yake akasikia magoti ya kizee yakilia moja baada ya jingine, Man-sik akijishusha taratibu nyuma yake, pale pale penye viatu.