Fundi Asiyesema Hakuna Shida

Kwenye karakana ya mzee Abdulhadi, pale Keko, kila mtu ni fundi. Anayechonga ni fundi, anayeshona makochi ni fundi. Mteja akiita "Fundi!", anaitika aliye na nafasi, na kazi yoyote atakayopewa jibu lake ni moja: hakuna shida.

Mzee aliniahidi kazi ya kupokea oda, mradi programu niliyoitunga darasa la jioni igawe kazi mbele ya macho yake. Niliitaka sana, maana pale ningekaa na mwanangu Loveness, bado ananyonya.

Ndani ya programu niliweka kundi kubwa, Fundi, na chini yake Seremala na Mshonaji. Kuchonga nilimpa Seremala peke yake. Kisha nikaandika: fundi mwenye nafasi, achonge. Kompyuta ikagoma. Kwake, ukimwita mtu Fundi tu, unaweza kumwamuru yale tu ambayo mafundi wote wanayaweza, hata kama anayeitika ni seremala kweli. Nikailazimisha: huyu ni Seremala, mie nakuhakikishia. Ikanyamaza. Nikafurahi.

Siku ya kumwonyesha mzee akaja mama mmoja wa Goba, Kokushubila, anataka kitanda. Mwenye nafasi alikuwa Gibson, mshonaji wa makochi. Programu ikamwamuru achonge, ikakatika hapohapo.

"Imekufa?" mzee akauliza.

"Imegundua Gibson si seremala, mzee wangu."

"Sie tunalijua hilo siku zote, na hatujafa!"

Gibson keshashika msumeno. "Hakuna shida, mama. Kitanda si kochi tu lililojinyoosha?"

Nikamhamishia Loveness titi la pili, nikaongeza swali kabla ya amri: wewe ni Seremala? Kama siyo, aulizwe mwingine. Nikaiwasha tena. Gibson, hapana. Fransis, ndiyo, ila hana nafasi mpaka Jumatatu.

Mzee akaniinamia sikioni. "Binti, inafukuza wateja hii. Ifundishe kusema hakuna shida, kazi uipate leo."

Ilikuwa kufuta mstari mmoja tu. Nikamtazama mwanangu, kidole kikabaki hewani.

"Sifuti, mzee. Nisamehe."

"Usifute!" akadakia Kokushubila. "Kitanda changu cha kwanza alikichonga bwana Hakuna Shida. Sasa nalala chini. Namsubiri Fransis."

Mzee akakohoa, akavuta kofia yake mbele.

"Haya, Jumatatu uanze. Ila mie isije ikaniuliza kama ni seremala."