Nyanzala wa Vitabuni

Mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mtoto wa Mwandu alilia tangu kitovu kidondoke, na nyumba nzima pale Kakese ilikuwa hoi. Wasukuma wanakijua kilio cha namna hiyo: mtoto anadai jina la mtu wa kwao. Huitwa bibi mzaa baba amtajie majina sikioni, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Hapo hakuna aliyekuwa na shaka kwamba jina linalodaiwa ni Nyanzala, jina la bibi mwenyewe, alilolirithi kwa bibi yake aliyezaliwa mwaka wa nzala, yaani njaa.

Aliyekataa ni Hilaria, mke wa Mwandu, binti wa katekista wa Kifipa. Huyu hawezi kuona karatasi yenye maandishi akaipita.

"Mayu, sikudharau, wewe ni mama yangu," alimwambia mkwewe huku akimbembeleza mtoto. "Ila vitabuni jina hilo halijawahi kupata heri. Kamuulize mwalimu."

Nyanzala hakujua kusoma. Alijitanda kanga akaenda kwa mwalimu Leonidas, mwenye kabati zima la vitabu, akamwomba amsomee kila Nyanzala anayemjua. Moyoni alikuwa na hakika Hilaria anatia chumvi.

Hakutia. Kwenye kitabu cha darasa la nne Nyanzala alikuwa mtumishi wa ndani, anaiba sukari. Kwenye gazeti la kanisa alikuwa mke mvivu anayeunguza mboga. Kwenye mchezo wa kuigiza wa mashuleni alikonda, akakohoa, akafa mapema ili wengine wapate cha kulilia. Mwisho mwalimu alifungua riwaya moja nene, kwa kusitasita. Humo alikuwa bibi kizee mwenye macho mekundu. Wanakijiji walimwita mchawi, wakamwendea na mapanga, na mwandishi akawasifu.

Nyanzala akajifuta macho. Yake nayo yalikuwa mekundu, kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe alichopikia maisha yake yote.

"Hakuna anayelima tu, mwalimu? Anavuna, anakula na wajukuu zake?"

"Sijamwona, mama. Nyie mko wengi wenye jina hilo, basi waandishi wanaona hatachukia mtu."

"Mimi nimechukia," alisema Nyanzala, ila hata hasira yenyewe hakuwa na nguvu nayo.

Na waandishi nao, Mungu awasamehe, ni wavivu wa ajabu. Wanaokota jina la mtu njiani, wanalivalisha matambara, kisha wanakwenda zao kulala.

Njia ya kurudi ilimwelemea. Alimwona kwa mawazo mjukuu wake yuko darasani, kitabu kinasomwa kwa sauti, na watoto wote wanageuka kumtazama. Yeye aliponea kwa kutojua kusoma. Huyu atasoma, maana mama yake ni Hilaria.

Jioni Mwandu aliweka kigoda uani, majirani wakaja. Hilaria alikuwa amevimba macho kwa kukosa usingizi.

"Mtajie tu jina lako, Mayu," alisema, akimkabidhi mtoto. "Mimi nimeshindwa. Bora anyamaze."

Nyanzala aliinama sikioni mwa mtoto. Jina lilikuwa limeshafika mdomoni, na Mungu anajua alivyolitaka litoke. Akalimeza.

"Scola," alisema. Lilikuwa jina la mama yake Hilaria.

Mtoto akanyamaza.

Huenda alichoka tu, maana kilio nacho kina mwisho. Lakini nani angemwambia Mwandu hivyo? "Kumbe alikuwa anadai la upande wa pili!" alisema akicheka, na vigelegele vikajaa uani. Hilaria akalia kwa furaha.

Nyanzala naye alipiga kigelegele, maana walikuwa wanamtazama. Akamweka mtoto begani, akamtikisa kidogo, kisha akamtikisa tena, akiomba kimoyomoyo alie. Mtoto alikuwa ameshalala.