Herufi Niliyoifuta

Ujumbe uliingia saa nane mchana, nikiwa napiga pasi mashuka ya hoteli. Kazini haturuhusiwi kushika simu, lakini tangu asubuhi ilikuwa inatetemeka kwenye mfuko wa aproni, nikajua kuna jambo. Nikajibanza nyuma ya kapu la nguo chafu, nikasoma neno moja moja, kidole juu ya kioo.

"Mwalimu, wasomaji wanalalamika. Toa maelezo kabla ya saa kumi, la sivyo hadithi yako naiondoa, na wewe unatoka kundini."

Alikuwa msimamizi wa kundi letu la wasomaji. Hadithi ile, ya mwanamke anayemuuguza mama yake, ndiyo kitu cha kwanza nilichowahi kuandika kikasomwa. Kila wiki niliweka sehemu moja. Mwanzo nilikuwa na wasomaji tisa. Mmoja akamtumia dada yake, dada akaipeleka kwa wenzake kazini, na sasa walipita mia nne, watu nisiowajua hata sura, wakiniuliza kama yule mama atapona.

Nikafungua kundi. Aliyeanza ni mtu anayejiita Jicho Kavu. "Mmeona mwisho wa sehemu ya leo? Mwandishi anasema, 'Ndugu zangu, niombeni kila siku.' Yaani tumwombe yeye! Amekuwa Mungu lini?"

Chini yake watu walikuwa wamejipanga.

"Mungu mpya, naomba kazi."

"Mimi naomba mvua, ila isifike kwangu, nimeanika."

"Acheni mzaha. Hii ni kufuru."

Nikayarudia maneno yangu. Kweli. Nilitaka kuandika niombeeni, nikaandika niombeni. Mwalimu wangu wa darasa la jioni alinikanya sana kwa kurudiarudia herufi. Nilikuwa naandika "maaji", naandika "siimu", naye anazungushia wino mwekundu. Basi siku hizi nikiona herufi mbili zinazofanana zimekaa pamoja, moja naifuta.

"Wewe! Pasi imelala juu ya shuka!"

Ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Tunafanya kazi meza moja. Aliinua pasi, akanifuata nyuma ya kapu, nikamwonyesha simu. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Wifi yangu! Mungu gani huyu anaunguza mashuka ya watu?" Kisha akauona uso wangu. "Haya, usilie. Waambie simu ndiyo iliyokosea. Simu haina mdomo wa kukana."

"Nitakuwa nimesema uongo."

"Uongo? Mbona wanakuita Mwalimu na unaitika?"

Lilinichoma hilo. Msomaji mmoja aliwahi kuandika, "Bila shaka wewe ni mwalimu mstaafu," nami sikukanusha. Wengine wakadaka, jina likakaa. Ukweli ni kwamba nilijua kusoma mwaka jana tu, nikiwa na miaka hamsini na mbili. Nikieleza kosa lilikotoka, lazima nieleze na hilo. Na wakishajua, nani atahangaika kumsoma mpiga pasi?

Nilirudi mezani, nikamaliza rundo zima bila kuliona. Saa tisa na nusu nikaingia chooni, nikafunga mlango. Sakafu ilikuwa imelowa, kwa hiyo nilisali nimesimama, simu kifuani. Kwanza nilimwomba Mungu aiokoe hadithi, sitaficha. Baadaye ndipo nikamwomba ujasiri, na tahajia.

Nikaanza kuandika. Vidole vyangu vimezoea uzito wa pasi, na vile vitufe ni vidogo kama mbegu. Mlango ukagongwa.

"Humo kuna mtu au kuna mkutano?" Ni mnyapara wetu.

"Mwache, bosi, tumbo linamsumbua!" wifi akapaza sauti.

Nikaandika: "Mimi si mwalimu. Napiga pasi. Nimejua kusoma mwaka jana, darasa la jioni, na herufi bado zinanichanganya. Nilitaka kusema niombeeni kwa Mungu. Mimi siwezi kuombwa, mimi ni mwombaji. Nisameheni kosa hilo, na zaidi nisameheni kwa kuitika Mwalimu."

Saa kumi kasoro dakika nne nikatuma.

Wakaanza kutoka kundini, mmoja, wa pili, mpaka saba. Jicho Kavu akaandika, "Kumbe tulikuwa tunasoma daftari la mwanafunzi!"

Saa kumi na dakika mbili msimamizi akaandika: "Hadithi inabaki. Jina la Mwalimu tunaliondoa."

Nilishukuru, lakini iliniuma. Nilijiona kama mtu aliyevuliwa nguo ya kuazima mbele za watu.

Ndipo ukaja ujumbe kwangu peke yangu, kutoka namba nisiyoijua.

"Mimi hadithi yako nasomewa na binti yangu akitoka kazini. Haya ninayosema anayaandika yeye. Leo nimemwambia asome maelezo yako mara mbili. Hilo darasa, wanapokea mtu wa miaka sitini na moja?"

Mnyapara akagonga tena, safari hii kwa ngumi.

"Nakuja!" nikasema, lakini sikufungua. Nilikuwa natafuta herufi ya W, nimjibu, "Wanapokea."