Mafuta Kabla ya Maganda

Kwaru, kwaru, kwaru. Umeme ulikuwa haujarudi na adhana ya alfajiri bado, nikadhani panya. Kumbe ni Nuru, mwanangu wa miaka minne, anajikuna shavu. Nilipowasha tochi ya simu nikaona alama za vidole vyangu vitatu, nyekundu, palepale nilipompapasa jana ili alale.

Kazi yangu ni kubangua korosho, kwenye banda moja pale Chuno. Utomvu wa ganda unaunguza kama tindikali, na hiyo mikono nilikuwa nimeiosha mara mbili.

Mwalimu Andrea wa masomo ya jioni alishatueleza. Chumvi imejengwa kwa ioni, chembe zenye chaji. Maji huzivuta mojamoja mpaka zikaachana. Utomvu una muungo mwingine. Atomi zake zinachangia elektroni, zimejipanga mnyororo mrefu wa kaboni, na maji hayana pa kuukamata. Mafuta ndiyo huuchukua. Ila ukichelewa, utomvu unajifunga na ngozi yenyewe kwa muungo huohuo wa kuchangia, na hapo hata uoge bahari nzima hautoki.

Sasa sisi msimamizi wetu, Zuberi, hutugawia kijiko cha mafuta ya nazi jioni, kazi ikiisha.

Asubuhi nikambeba Nuru mpaka bandani. Tulikuwa wanawake sita. Nikamwambia Zuberi mafuta tunayataka kabla, si baada. Akacheka, akasema darasa la jioni limenipanda kichwani. Mikono yenye mafuta itateleza, na anayetaka viganja laini akaombe kazi ya ofisini kule bandarini.

Nikadondosha matone mawili ya utomvu kwenye sahani ya bati. La kwanza nikalimwagia maji, likabaki linang'aa. La pili nikalisugua kwa mafuta niliyotoka nayo nyumbani, likaachia, nikalifuta kwa kitambaa.

"Hiyo ni sahani, kaka Zuberi," nikamwambia. "Sisi tuna ngozi."

Bi Mwanahawa, mkubwa wetu kwa umri, akanyoosha viganja vyake. Alisema alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilikikataa kidole chake kilichofutika alama, ikamwona kama mzimu. Wenzetu wakacheka, lakini hakuna aliyeshika kigongo cha kubangulia.

Zuberi akafungua kabati, akatoa chupa ya mafuta. Akanimiminia mimi peke yangu kiganjani, akaifunga chupa.

"Haya, profesa. Kaa ubangue."

Nilijua anachonunua: mdomo wangu. Nusu ya yale mafuta nikampaka Bi Mwanahawa mpaka kwenye kucha, nusu nikajipaka mwenyewe, kisha nikasimama palepale mbele ya ile chupa, kiganja wazi. Akaniuliza nangoja nini tena.

Nuru akawaangalia wale waliokaa kwenye mkeka, mmojammoja, halafu akamgeukia Zuberi.

"Mjomba, bado mama wanne hawajapaka."