Bumba

"Jeshi?"

"La siafu!"

"Wingu?"

"La nzige!"

"Bumba?"

"La nyuki!" walijibu watoto arubaini na mmoja kwa pamoja, nami nikabaki na chaki mkononi.

Nomino za makundi nilikuwa nikizipenda kuliko somo lolote. Nilizisomesha darasa la sita miaka kumi na minane na, sifichi, nilikuwa nikijiona. Mtu akisema "kundi la nyuki" mbele yangu, hata harusini, nilimsahihisha pale pale.

Asubuhi ile, kabla ya kengele, Bi Mwanakheir alinipigia simu kutoka Mangapwani. Ni jirani wa nyumba aliyotuachia baba, mtu wa umri wa mama yangu, na ndiye anayetuangalizia.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba, Mwalimu. Mna bumba huku, mlango wa uani. Kubwa hasa. Tangu jana."

Mvua za masika zilikuwa zimenyesha wiki nzima, na kuta za nyumba ile ni za mawe na udongo. Nikajua ukuta umeporomoka na udongo umeziba mlango. Bumba la udongo. Ni Kiswahili sahihi, hata kamusi inakubali.

"Nshakufahamu," nikamwambia. "Nnamtuma Abdulrazak aje alitoe."

"Lakini asije vivi hivi, Mwalimu. Mwambie..."

Kengele ikalia. Nikamwambia tutazungumza baadaye, nikakata simu.

Abdulrazak ni mdogo wangu, alikuwa fundi wa simu Mlandege. Alipokuwa na miaka tisa aliumwa na nyuki mmoja tu, sikioni, akavimba uso mpaka macho yakapotea, na pumzi ikawa inatoka kwa shida. Daktari alimwonya mama kwamba wa pili anaweza kuwa wa mwisho. Tangu siku hiyo mama aliogopa hata chupa ya asali. Nilimpigia nikiwa napanda ngazi kwenda darasani.

"Nchukue nini, dada?"

"Jembe. Udongo tu huo."

"Udongo tu?"

"Sasa mimi nkudanganye?"

Akacheka, akasema anafunga duka anakwenda.

Ilikuwa saa nne niliposimama mbele ya wale watoto na jibu lao masikioni. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe, jana yake. Nikatoa simu mbele yao, jambo ambalo mwalimu haruhusiwi, nikampigia Abdulrazak. Iliita mpaka ikakatika. Mara ya pili vile vile. Watoto wa mbele wakaanza kutazamana. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Naam," ilisema sauti, na haikuwa ya mdogo wangu. Ilikuwa ya Bi Mwanakheir. "Njoo, Mwalimu. Njoo na wanaume."

Mlango ulikuwa umevimba kwa mvua. Abdulrazak aliingia kwa mbele, akausukuma kwa ndani, na ulipokataa akaona kweli umezibwa na udongo. Akaupiga kwa bega. Nyuki walikuwa wametanda upande wa pili.

Siku ya tatu ya msiba, baada ya kisomo, Bi Mwanakheir alikuja kukaa karibu yangu mkekani, akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa bado vimevimba kwa miiba ya nyuki. Siku ile ndiye aliyemvuta Abdulrazak, peke yake, mpaka barazani.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Sisi watu wa shamba tunasema vipande vipande. Ningelimaliza neno."

Hapo ndipo ningesema. Ningemwambia kwamba neno lake lilikuwa zima, kwamba mimi ndiye niliyemkata kauli, kwamba hata watoto wa darasa la sita walijua. Chumba kilijaa wanawake, wote wananitazama, mwalimu wa Kiswahili. Niliona haya.

"Hapana neno, Bi Mwanakheir," nikasema. "Mungu kapenda." Nikamsamehe.

Huu ni mwaka wa tatu. Bado ananipigia kila Ijumaa, na siku hizi anasema polepole, kwa uangalifu. "Mwalimu, nimekuwekea mkungu wa ndizi," ananiambia. "Mkungu. Wa ndizi." Kisha anangoja nimwambie kwamba nimefahamu.