Mechi Mia za Fundi Saa

Tangu utotoni hadi siku alipomzika, fundi saa hakuwahi kumshinda kaka yake sataranji. Wengine hurithi shamba. Yeye alirithi kufungwa.

Kaka alipokuwa hai, wawili hao walitengeneza programu ya kucheza sataranji kwenye kompyuta iliyokaa nyuma ya duka, katikati ya saa zilizopasuliwa matumbo. Sehemu ya kumlinda mfalme aliiandika kaka. Sasa fundi alikuwa ameandika ya kwake, na mashindano ya programu yalikuwa yanakaribia. Toleo moja tu ndilo lingetumwa. Alikuwa amemwahidi mjane wa kaka yake kwamba kazi ya marehemu haitaondolewa mpaka ishindwe kwa haki.

Basi akayapambanisha matoleo hayo mawili, mechi mia. Jipya likapata pointi sabini na tano, la kaka ishirini na tano. Kichwa kikamvimba. Akamwita mjane huyo, shemeji yake, aje dukani ajionee.

Shemeji alikuja na mfuko wa sokoni, akavuta kiti. Mchezo aliujua, naye aliwahi kumfunga mumewe mara kadhaa, jambo ambalo fundi hakupenda kukumbushwa. Alizitazama mechi zikipita kwenye skrini, kisha akasogea karibu.

"Shemeji, huyu farasi mbona kila mara anafia palepale?"

"Wapi?"

"Hapo pembeni. Hebu rudisha nyuma."

Wakarudisha. Kwa kuwa ubao ulianza uleule, programu zilifikiri vilevile na kujibizana vilevile. Mia nzima ilikuwa mechi mbili tu: likianza jipya, linashinda; likianza la kaka, ni sare, nusu pointi kila upande. Zilizobaki zote zilikuwa marudio.

"Mwamba ngoma huvutia kwake," akasema shemeji, bila ukali.

Fundi aliona aibu, na alistahili. Akaanza upya. Safari hii kila mechi ilianzia kwenye mpangilio tofauti wa kete, na kila mpangilio ulichezwa mara mbili ili matoleo yabadilishane rangi. Baada ya mechi mia, jipya liliongoza kwa pointi nne. Mkono wake ukaenda kwenye kibodi.

"Unafanya nini?"

"Nasimamisha. Si tumeshaona?"

"Ukisimamisha kila unapoongoza, hutashindwa maisha yako yote. Ukirusha sarafu mara mia, tofauti ya nne si inatokea yenyewe tu?"

"Inatokea."

"Sasa mechi ngapi zinatosha?"

Fundi akajikuna kichwa. Jibu alikuwa nalo, hakulitaka tu. "Inategemea. Moja ikiwa bingwa na nyingine mbumbumbu, hata ishirini zinaonyesha. Zikikaribiana namna hii, ni maelfu."

"Basi taja idadi sasa hivi, kabla hujaona matokeo."

"Elfu nne."

"Haya. Toa mkono hapo."

Kompyuta ikacheza wiki nzima, yeye akihangaika na saa za watu. Toleo lake likitangulia, alipiga mluzi. Likibaki nyuma, aliwafokea wateja wasio na kosa. Kufikia katikati ya wiki mluzi ulikuwa umekoma. Shemeji aliporudi, matokeo yalikuwa kwenye skrini: la kaka pointi 2,160, jipya 1,840.

"Haiwezi kuwa bahati?" akauliza shemeji.

"Kwa mechi elfu nne? Hapana," akasema fundi. "Nilitaka kumfunga mara moja tu, shemeji. Hata kama hayupo. Na nilikuwa tayari kumfunga kwa mechi mbili za uongo."

"Na mimi nilikuwa naomba ashinde yeye," akasema shemeji. "Ndiyo maana nilikwambia utaje idadi mapema. Nilijiogopa mwenyewe, nisije nikasimamisha yeye akiongoza."

Wote wawili walikuwa wakimlilia mtu yuleyule. Kisha fundi akatuma toleo la kaka, akasubiri hadi akaona limepokelewa. Halafu akafungua sehemu yake ya kumlinda mfalme, akaanza kuisoma upya kuanzia mstari wa kwanza.

"Bado unataka kumfunga?" shemeji akauliza, akifuta macho.

"Nataka sana."

"Mechi ngapi?"

"Elfu nne nyingine," akasema fundi, akavuta kiti chake karibu na kompyuta. Kwa mara ya kwanza maishani, alifurahia kufungwa.